Alifukuzwa shule, akaja kuchimbua mafumbo ya Nakuru

Video za piramidi na viumbe kutoka sayari nyingine tumeziona za kutosha. Lakini wasee wa Nakuru, hebu tuambiane ukweli: ni wangapi tumewahi kupanda Hyrax Hill? Kilima chenyewe kiko kilomita kama nne tu kutoka katikati ya mji, ukielekea Nairobi. Kina fumbo la teknolojia ya kale ambalo watafiti hawajalimaliza hadi leo. Na aliyelifukua ni mwanamke asiyekuwa na cheti hata kimoja.

Mary Leakey alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, jina lake likiwa Mary Nicol. Babake alikuwa mchoraji, na familia ilihamahama sana Ufaransa. Huko msichana huyu aliingia mapango yenye michoro ya kale, akaanza kuokota zana za mawe. Babake alifariki 1926, Mary akiwa na miaka 13. Mama akamrudisha Uingereza, akamtia katika shule za watawa. Wapi! Shule mbili zilimtimua, moja baada ya yeye kusababisha mlipuko kwenye maabara ya kemia.

Chuo kikuu kikawa ndoto. Alichobaki nacho ni mkono wake. Alijua kuchora jiwe lililochongwa hadi ukaona kila pigo la mchongaji. Akawa anahudhuria mihadhara ya akiolojia London na kujitolea kwenye machimbo. Michoro yake ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete aliyehitaji mtu wa kumchorea kitabu. Louis alikuwa na mke na watoto, kwa hivyo kashfa ilikuwa kubwa. Walioana mkesha wa Krismasi 1936, na mwaka uliofuata wakawa Kenya.

Mapokezi hayakuwa mazuri. Nimonia ilikaribia kumuua. Alipopata nafuu, akaanza kazi Hyrax Hill, kilima kilichopewa jina la pimbi waliojaa kwenye mawe yake. Mwaka wa 1937 na 1938 alichimba pale na vibarua Waafrika, ambao majina yao ni nadra kuyasikia, ingawa jasho lilikuwa lao.

Akakuta makaburi ya kale. Wanawake walikuwa wamezikwa na sahani na mabakuli ya mawe pamoja na michi. Wanaume? Hakuna kitu. Kwa nini akina mama pekee? Hadi sasa watu wanakisia tu.

Mwaka wa 1938, yeye na Louis wakachimba pango kando ya Mto Njoro. Humo mlikuwa na mabaki ya watu zaidi ya 70, waliochomwa moto kabla ya kuzikwa, miaka kama 3,000 iliyopita. Walikuwa na shanga, michi na yale mabakuli tena. Kulikuwa hata na chombo cha mti kilichochongwa kwa urembo, kikageuka makaa bila kusambaratika.

Sasa fikiria bakuli hilo. Limechongwa kutoka jiwe la volkeno na watu wasiokuwa na chuma. Vyungu vya udongo walikuwa navyo, tena vizuri. Walikuwa pia na obsidiani, kioo cha volkeno kilichojaa pande za Naivasha na Eburru, ambacho makali yake yanashinda wembe. Basi kwa nini mtu ajisumbue kuchimba shimo ndani ya jiwe? Kuna wanaodhani yalikuwa ya kusagia rangi, wengine ya chakula, wengine ya mazishi tu. Kisha desturi ikatoweka, na aliyeijua hakuacha maandishi.

Kilimani pia kuna mashimo mapana yanayohusishwa na Wasirikwa, watu wanaotajwa katika masimulizi ya Wakalenjin. Zamani watafiti walidhani ni nyumba za chini ya ardhi. Waliofuata wakachimba tena, wakaona ni mazizi ya ng'ombe, nyumba zikiwa pembeni. Wangewezaje kusahihisha? Kwa sababu Mary alichora na kupima alichokipata, hakutunga hadithi. Mumewe ndiye aliyependa kutangaza. Yeye alihesabu mawe.

Subira hiyo ilimlipa. Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini Olduvai, Tanzania, Mary aliona mfupa ukichungulia udongoni. Likawa fuvu la Zinjanthropus, la miaka milioni 1.75, na dunia nzima ikageuza shingo kutazama Afrika Mashariki. Mwaka wa 1978 kikosi chake kikafukua nyayo za Laetoli, za watu wa kale waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Vyuo vikuu, Oxford na Yale vikiwemo, vikamtunuku shahada za heshima. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.

Mimi niliacha chuo, na sitakudanganya ati cheti ni karatasi tu, mwajiri atakuuliza. Lakini Mary alipokosa karatasi hakuacha kujifunza. Alishika penseli na kijiti cha kufukulia, akarudia kazi ileile miaka hamsini.

Hyrax Hill ni makumbusho tangu 1965. Wikendi hii pitia pale, uone hata bao lililochongwa kwenye mwamba. Bakuli la jiwe bado linangoja mtu wa kulieleza, na hakuna aliyesema lazima atoke London.