Poul la Cour, mwalimu aliyewasha taa kwa upepo

Tukizungumzia umeme wa upepo, hatuwezi kumsahau mwalimu mmoja wa kijijini Denmark. Poul la Cour alizaliwa mwaka 1846, akasomea hali ya hewa, na kuanzia 1878 alifundisha katika chuo cha wananchi cha Askov.

Mwaka 1891 alisimamisha hapo kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Shida ni kwamba upepo hauvumi kwa ratiba. Basi alibuni kifaa cha kutuliza mwendo wa kinu, umeme usipande na kushuka ovyo. Kisha alitumia umeme huo kutenganisha maji, akapata gesi ya haidrojeni na kuiweka akiba. Taa za chuo zikawaka hata upepo ulipolala. Haikuwa rahisi: gesi ililipuka mara kadhaa na kuvunja madirisha.

Mwaka 1904 alianza kuwafunza vijana ufundi wa umeme wa vijijini. Alifariki 1908. Mwanafunzi wake, Johannes Juul, alijenga huko Gedser mtambo wa kilowati 200, ulioanza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 1957.

Hadi leo kinu peke yake hakitoshi. Huko Marsabit, Kenya, mitambo 365 ya kampuni ya Denmark ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini ilingoja hadi 2018, ilipokamilika laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kwenda Suswa. Kuvuna upepo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni gridi imara, inayoupokea umeme huo upepo unapovuma na kutuletea umeme mwingine unapotulia.