Jamaa wa mkono mmoja aliyeshuka korongo la Colorado

Najua nimepotea hapa kijiweni, mambo ya kutafuta riziki yamenibana. Leo nimerudi na stori ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, mwombe kabisa jamaa wa kaunta akuongezee dakika.

Yameanzia kwenye video. Wiki iliyopita niliwaona vijana wakishuka mto mkali ndani ya korongo, kuta za mawe kushoto na kulia, hakuna nyumba wala njia. Baadhi yao walikuwa na kayaki, wengine na viboti vya upepo. Hivi viboti ni kiboko: unakikunja, unakitia kwenye begi la mgongoni, unatembea milimani kutwa nzima, ukifika mtoni unakijaza upepo na safari inaanza. Wamevaa kofia ngumu na jaketi za kuokolea maisha, na simu ya setilaiti wanayo. Pamoja na yote hayo mmoja alipinduka, nami nikajikuta nimesimama kwenye kiti.

Nikajiuliza, hivi hawa wa zamani walipitaje huko bila hivyo vitu? Katika kutafuta ndipo nikakutana na Meja John Wesley Powell, Mmarekani aliyeongoza msafara wa kwanza unaojulikana kwa hakika kupita lile korongo kubwa la mto Colorado, Grand Canyon, mwaka 1869. Mkono wa kulia hakuwa nao.

Hapo kwenye mkono ndipo paliponikamata. Nina mjomba wangu, fundi seremala, ambaye miaka mitatu iliyopita mashine ya kupasua mbao ilimkata mkono. Tangu siku hiyo mzee hatoki. Harusi haendi, msiba anaenda usiku, chakula anakula chumbani peke yake. Nikasema hii stori lazima nimpelekee. Alichonijibu nitawaambia mwishoni, msiruke.

Haya, tuanze. Powell alizaliwa Machi 24, 1834, Mount Morris, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uingereza. Baba yake alikuwa mhubiri aliyepinga utumwa waziwazi, na kwa sababu hiyo mtoto alionewa sana shuleni na wenzake. Familia ikahamahama, Ohio, Wisconsin, Illinois. Elimu aliipata kwa kudokoa: alipita vyuo vitatu na hakumaliza hata kimoja. Mto ndio ulikuwa chuo chake. Mwaka 1856, akiwa na miaka 22, alipiga makasia kuteremka Mississippi hadi baharini. Mwaka uliofuata akashuka mto Ohio, na 1858 mto Illinois. Alikuwa anaokota konokono na mawe huku akifundisha shule ili aishi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 akajiunga na jeshi la Kaskazini kama askari wa kawaida. Novemba ya mwaka huohuo akamuoa binamu yake, Emma Dean. Aprili 6, 1862, kwenye mapigano ya Shiloh, aliinua mkono wa kulia kuwapa ishara wapiga mizinga wake, risasi ikampata. Madaktari wakaukata chini ya kiwiko. Mimi ningerudi nyumbani siku hiyohiyo. Yeye alirudi vitani, akapigana mpaka Vicksburg, akatoka na cheo cha meja. Maumivu ya kile kigutu hayakumwacha maisha yake yote.

Baada ya vita akawa mwalimu wa elimu ya miamba huko Illinois. Wakati huo ramani za Marekani zilikuwa na pengo kubwa kusini magharibi. Mto Colorado ulijulikana unakotoka na unakoingia baharini, lakini katikati kulikuwa na mamia ya kilomita ambazo hakuna mchora ramani aliyewahi kuziona. Tusidanganyane hapa: si kwamba hapakuwa na watu. Wahavasupai walikuwa wanaishi ndani ya korongo lenyewe, Wahualapai na Wapaiute wakiwa jirani. Ila hawa hawakuulizwa wakati ramani inachorwa.

Mei 24, 1869, wiki mbili tu baada ya reli ya kuvuka Marekani kukamilika, Powell aling'oa nanga Green River, Wyoming. Watu 10, boti nne zilizoletwa na treni kutoka Chicago, chakula cha miezi 10. Wengi wao walikuwa wanajeshi wa zamani na wawindaji, na hakuna aliyekuwa amewahi kushuka maporomoko kama yale. Hata boti zenyewe zilikuwa za maji matulivu, ndefu na nzito. Tena mpiga makasia alikaa kaipa mgongo njia, maana yake unaingia kwenye mawimbi huku unatazama ulikotoka! Powell alitangulia na boti ndogo aliyoipa jina la mkewe, Emma Dean, na kuwapungia wa nyuma kwa ule mkono mmoja. Jaketi la kuokolea lilikuwa moja kwa msafara mzima, la kwake.

Kimbembe kilianza Juni, kwenye korongo la Lodore. Boti iliyoitwa No Name haikuwahi kutia nanga kabla ya maporomoko, ikabebwa, ikapasuka vipande juu ya mawe. Watu watatu waliokuwemo wakaponea kwenye kisiwa, lakini chakula kingi na nguo zao vikaenda. Powell alimlaumu Oramel Howland, aliyekuwa akiiongoza, kwamba hakuitii ishara. Kesho yake wakayakuta mabaki mtoni. Powell alishangilia vipimahewa vyake vya kupimia urefu wa milima kupona. Vijana walishangilia pipa la wiski walilokuwa wamelificha bila bosi kujua. Kila mtu na chake.

Siku nyingine Powell alipanda genge kupima urefu, akafika mahali hawezi kwenda juu wala chini. Mkono mmoja umeshika mwamba, miguu inatetemeka, hana mkono wa pili wa kujishikia. Mwenzake George Bradley alikuwa juu yake, hana kamba wala fimbo. Akafanya nini? Akavua suruali yake ya ndani ndefu, akaiteremsha. Powell ikabidi auachie mwamba aidake ile suruali ikiwa hewani, ndipo akavutwa. Mwanaume mzima kaokolewa na chupi ya mwenzake, na yeye mwenyewe akaiandika kitabuni bila aibu. Hapo nilimheshimu.

Mapema Julai Mwingereza mmoja wa msafara, Frank Goodman, akasema yatosha, akaondoka. Wakabaki tisa. Agosti wakaingia Grand Canyon yenyewe. Kuta zimepanda zaidi ya kilomita moja, jua unaliona saa chache. Kwenye maporomoko makali walishusha boti kwa kamba kutoka ukingoni au kuzibeba juu ya mawe. Penye genge tupu hapakuwa na la kufanya ila kuingia na kumwomba Mungu. Nyama ya chumvi ilioza wakaitupa. Walibakiwa na unga uliovunda, matufaha makavu, na kahawa tele.

Agosti 27 wakafika kwenye maporomoko yaliyowashinda kuyatazama. Usiku ule Oramel Howland akamwendea Powell, akamweleza kwamba yeye, mdogo wake Seneca, na William Dunn hawaendi tena, wangepanda kuta na kutafuta makazi ya watu kwa miguu. Powell hakulala. Alitembea mchangani hadi asubuhi akipiga hesabu, naye mwenyewe alikaribia kukata tamaa. Asubuhi ya tarehe 28 wakagawana bunduki na mikate, wakaagana, kila upande ukiwaona wenzao ndio wanaokwenda kufa. Emma Dean ikaachwa pale ukingoni. Watu sita wakaingia kwenye boti mbili, na wakapita.

Inauma sana hii: kesho yake tu, Agosti 29, wale sita wakatoka kwenye korongo. Siku moja! Agosti 30 wakafika unapoingia mto Virgin, wakawakuta walowezi wa Kimormoni wakivua samaki. Kilomita kama 1,600 ndani ya siku 99. Kule nyumbani magazeti yalikuwa yameshawazika, maana tapeli mmoja alijitangaza kuwa ndiye pekee aliyepona. Lakini wale watatu waliopanda hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata Powell alirudi, akakutana na Wapaiute wa kundi la Shivwits, na kupitia mkalimani akaambiwa kwamba waliwaua kwa kuwadhania watu wengine waliokuwa wamemuua mwanamke wao. Wapo wanahistoria wanaodai ni walowezi ndio waliowaua. Mpaka leo ubishi haujaisha.

Powell akawa shujaa wa taifa. Akarudi mtoni tena 1871 hadi 1872 na watu wengine. Halafu akafanya kitu ambacho kwangu ni doa. Mwaka 1875 alipotoa kitabu, alichanganya safari zote mbili akaziandika kama moja, ile ya 1869. Vijana wa safari ya pili, waliopiga makasia na kulala njaa, hata majina yao hayamo. Mzee alichemsha, tusimtetee.

Ila pia tumpe haki yake. Mwaka 1878 alitoa ripoti kuhusu nchi kavu za magharibi, akiionya serikali kwamba maji ni machache kuliko ardhi, na ugawaji wa mashamba ufuate maji yalipo. Mwaka 1879 akaanzisha ofisi ya kuchunguza lugha na mila za wenyeji wa asili, na kuanzia 1881 hadi 1894 akaongoza idara ya serikali ya uchunguzi wa miamba na ramani. Mwaka 1893, kwenye mkutano wa kilimo cha umwagiliaji Los Angeles, alisimama akawaambia wazi kuwa maji hayatatosha ardhi yote wanayoitaka. Wakamzomea. Mwaka uliofuata akaachia ukurugenzi. Alifariki Septemba 23, 1902, huko Haven, jimbo la Maine, akazikwa makaburi ya Arlington.

Sasa sikia kejeli ya historia. Mwaka 1922 majimbo ya magharibi yaligawana maji ya Colorado kwa mkataba, na yakagawana maji mengi kuliko mto ulio nayo. Mwaka 1963 bwawa la Glen Canyon likafungwa, likazamisha korongo ambalo Powell alilisifu sana kwa uzuri. Ziwa lililotokea likaitwa Lake Powell. Mwaka 2022 maji ya ziwa hilo yalishuka hadi karibu robo tu ya ujazo wake. Yule waliyemzomea, jina lake ndilo liko kwenye ziwa linalokauka.

Haya, nirudi kwa mjomba. Nilimkuta barazani, nikamsimulia yote hayo. Alisikiliza kimya, halafu akaniuliza swali moja: makasia alikuwa anayashika nani? Nikamwambia wenzake tisa. Akacheka, kicheko ambacho sijakisikia nyumbani kwake kwa muda mrefu, akasema basi mimi nimekosea kumwita jamaa wa mkono mmoja. Watu 10 wakikosa mkono mmoja, inabaki mikono 19. Goodman alipoondoka ikawa 17. Wale watatu walipopanda ukuta, ikabaki 11, na kwa hiyo mikono 11 ndipo walipotoka. Kisha akasema mtu aliyebebwa na mikono yote hiyo alikuwa na deni la kuandika majina.

Sikuwa na jibu. Mimi nilikwenda kumwonyesha kwamba mtu wa mkono mmoja anaweza kufanya kila kitu peke yake, na stori niliyobeba ilikuwa inasema kinyume chake.

Nilipoaga mjomba akaniuliza kama Jumamosi nitakuwa na nafasi. Mlango wa banda la kuku umeng'oka tangu mvua za mwanzo, nyundo anaiweza kwa mkono wa kushoto, anahitaji mtu wa kumshikia msumari. Nimemwambia nitakuja saa mbili asubuhi. Vidole vyangu mniombee.

Wadau, zamu yenu. Ile asubuhi ya Agosti 28, mikate imebaki michache na maporomoko yananguruma mbele yako, hujui kama mwisho wa korongo ni kesho au mwezi ujao. Wewe ungepanda ukuta na kina Howland, au ungeingia kwenye boti na Powell? Mwageni maoni hapo chini, na matusi hapana.