Henri Langlois, jamaa aliyeokoa sinema za zamani

Sinema zenye sauti zilipoingia, zile bubu zilionekana takataka. Mikanda mingi iliyeyushwa ili kutoa madini ya fedha yaliyomo. Henri Langlois, aliyezaliwa Izmir mwaka 1914 na kukulia Paris, hakukubali. Akaanza kuiokota mmoja mmoja, na inasemekana mingine aliilundika kwenye bafu la nyumbani kwao!

Mwaka 1936, akiwa na miaka 21 tu, yeye na Georges Franju walianzisha Cinémathèque française. Wanazi walipoikalia Ufaransa, akaficha filamu zisiharibiwe.

Ukweli usemwe, makaratasi na mahesabu hayakuwa fani yake. Februari 1968 serikali ikamng'oa. Kumbe imechokoza nyuki. François Truffaut na Jean-Luc Godard, waliojifunza sinema kwa kukaa kwenye viti vya ukumbi wake, wakaingia barabarani na polisi wakatembeza virungu. Hata mkongwe Charlie Chaplin alimuunga mkono. Aprili tu, Langlois akarudishwa kazini.

Mwaka 1974 alipewa Oscar ya heshima. Alifariki Paris Januari 1977, akiwa na miaka 62.