Kijana Aliyetangaza Nchi Jangwani

Unakumbuka Septemba 2022? Siku moja tu baada ya kuapishwa, Rais Ruto aliandika Twitter kwamba Kenya haiitambui tena Jamhuri ya Sahrawi. Baadaye ule ujumbe ukafutwa, nawe ukabaki ukijiuliza, kwani hao Wasahrawi ni kina nani?

Basi mjue El-Ouali Mustapha Sayed. Alizaliwa jangwani karibu mwaka wa 1948, familia ya wafugaji, maskini kabisa. Ukame ukawasukuma hadi kusini mwa Morocco, na baadaye akasomea sheria Rabat. Tarehe 10 Mei 1973, akiwa na miaka 25 hivi, yeye na wenzake walianzisha Polisario ili kumfukuza Mhispania kutoka Sahara Magharibi. Umri huo wengi wetu bado tunapakuliwa na mama.

Shida ni kwamba Morocco na Mauritania nazo zilidai ardhi ni yao. Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema hivi: ndiyo, baadhi ya makabila yalimtii sultani wa Morocco zamani, lakini hilo halimfanyi mwenye nchi. Wenyeji waamue. Unadhani waliachwa waamue? Mwezi uliofuata Mfalme Hassan wa Pili alituma raia 350,000 kuelekea mpaka, na Uhispania ikatia sahihi kule Madrid kuwaachia majirani hao wawili. Wasahrawi hawakuulizwa.

Hapa ndipo mimi namvulia kofia. El-Ouali alielewa kwamba bunduki peke yake haitoshi: Mhispania akiondoka na hakuna aliyetangaza kitu, ardhi itaonekana haina mwenyewe. Kwa hivyo usiku wa 27 Februari 1976, pale Bir Lehlou, Polisario wakatangaza jamhuri, naye akawa rais wa kwanza. Kesho yake Madagascar ikaitambua. Burundi na Algeria zikafuata. Raia wake wengi walikuwa wakimbizi kwenye mahema kule Tindouf, lakini sasa walikuwa na nchi ya kutajwa.

Aliuawa 9 Juni mwaka huohuo, akirudi kutoka kushambulia Nouakchott, mji mkuu wa Mauritania.

Kenya ilingoja hadi 2005 kuitambua jamhuri hiyo, na tangu hapo imeyumba vile umeona. Mei 2025 iliunga mkono mpango wa Morocco. Mauritania je? Ilichoka na vita, ikajitoa 1979, na mwaka wa 1984 ikaitambua jamhuri ya yule kijana iliyemuua.