Christopher Cockerell: Mikebe miwili ya jikoni iliyozaa hovakrafti

Hebu kwanza tazama jikoni kwenu. Bila shaka hukosi mkebe mtupu wa kahawa au wa kakao pale kwenye rafu. Pengine kuna mwingine mdogo kuliko huo, na kama mama hupenda kuoka keki, mizani pia ipo. Sasa jiulize, vitu hivi vinaweza kufanya nini zaidi ya kujaza nafasi?

Mwaka 1955 Mwingereza mmoja alivichukua vitu kama hivyo, akaongeza injini ya mashine ya kufyonza vumbi, na kwa hivyo tu akapata njia ya kutengeneza chombo ambacho hakikuwa na mfano. Hakina magurudumu. Hakilali majini kama mashua wala hakipai kama ndege. Hata hivyo kinapita juu ya maji, matope, mchanga na barafu, tena bila kubadilisha chochote. Chombo hicho ni hovakrafti, na mtu huyo ni Christopher Cockerell.

Usije ukadhani alikuwa tajiri mwenye maabara kubwa na wafanyakazi kibao. La hasha. Wakati huo alikuwa na biashara ndogo ya mashua iliyokuwa ikisuasua, mke, watoto wawili wa kike, na pesa zilizokuwa zikiyeyuka mfukoni.

Cockerell alizaliwa Juni 4, 1910 mjini Cambridge. Baba yake, Sydney Cockerell, alikuwa msomi mwenye jina, mkuu wa makavazi ya Fitzwilliam, mtu wa vitabu vya kale na sanaa. Mama yake, Florence, alikuwa msanii hodari wa kupamba vitabu kwa rangi. Waandishi na watu mashuhuri walikuwa wakiingia na kutoka nyumbani kwao. Katika nyumba kama hiyo, mtoto anatarajiwa apende nini? Vitabu, bila shaka.

Lakini kijana huyu alipenda vyuma. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo aliunda injini ndogo ya mvuke ili iendeshe cherehani ya mama yake. Mgeni maarufu akija na pikipiki, Christopher alivutiwa zaidi na pikipiki kuliko mgeni mwenyewe. Babake hakufurahishwa hata kidogo. Alimwona mwanawe kama fundi wa gereji tu, na siku hizo, katika familia ya wasomi, hilo halikuwa jina la sifa.

Nadhani wengi wenu mnaijua hali hiyo. Mzazi anataka wakili, mtoto anataka kufungua redio aone ndani mna nini.

Hata hivyo, kijana alisoma. Alipita shule ya Gresham's, kisha akasomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Peterhouse, Cambridge. Baada ya kufanya kazi kiwandani mjini Bedford, alirudi chuoni kufanya utafiti wa redio. Mwaka 1935 akaajiriwa na kampuni ya Marconi, ambako alikaa takriban miaka 15. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alishughulika na rada na vifaa vya kuonyesha ishara za redio zinatoka upande gani. Huko Marconi alipata hataza 36. Hataza ni ile haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kitu alichobuni kisiibwe na mwingine.

Kwa hivyo, alipofikia umri wa miaka 40, Cockerell alikuwa na kazi nzuri na mshahara wa uhakika. Ungekuwa wewe, ungeiacha?

Yeye aliiacha. Yeye na mkewe, Margaret, ambaye walioana mwaka 1937, walichukua pesa alizoachiwa Margaret na baba yake wakanunua kampuni ndogo ya kutengeneza na kukodisha mashua, Ripplecraft, upande wa mashariki mwa Uingereza karibu na mji wa Lowestoft. Kumbuka pesa zilikuwa za nani. Hadithi za wavumbuzi mara nyingi humtaja mwanamume peke yake karakanani, lakini hapa aliyeweka urithi wake mezani ni mke.

Biashara haikunawiri. Mashua zilikuwa nzuri lakini faida ilikuwa kiduchu. Akiwa katika hali hiyo ndipo Cockerell alianza kusumbuliwa na swali moja: kwa nini mashua huenda polepole hivyo?

Jibu lenyewe ni rahisi. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Mashua inapokwenda, sehemu kubwa ya nguvu za injini hupotea katika kuyasukuma maji na kukwaruzana nayo. Je, ikiwa utaweka hewa katikati ya mashua na maji? Wazo hili halikuwa jipya. Mwingereza mwingine, John Thornycroft, alilijaribu miaka ya 1870. Shida ilikuwa moja: hewa ukiipuliza chini ya chombo hutoroka pembeni mara moja. Ni sawa na kujaza pancha upepo.

Cockerell alifikiria hivi. Badala ya kupuliza hewa katikati, vipi ukiipuliza kupitia mwanya mwembamba unaozunguka ukingo wote wa chombo, ikielekezwa chini na ndani kidogo? Hewa hiyo ya pembeni itakuwa kama pazia, na ile iliyo katikati itazuiwa isitoke. Chombo kitakuwa kimeketi juu ya mto wa hewa.

Hapa ndipo mikebe inapoingia. Alichukua mkebe wa chakula cha paka akautia ndani ya mkebe mkubwa zaidi wa kahawa, akaacha nafasi ndogo kati yake. Akaunganisha injini ya ile mashine ya kufyonza vumbi ipulize hewa kwa kupitia ule mwanya, ielekee kwenye mizani ya jikoni iliyokuwa chini. Kwanza alipima hewa ikitoka kwa mkebe mmoja tu, halafu akapima ikitoka kati ya mikebe miwili. Hewa ni ile ile, lakini mikebe miwili iliikandamiza mizani kwa nguvu zaidi.

Ningependa usiipite hatua hiyo haraka. Hakukurupuka kwenda kuomba mkopo ajenge meli. Wala hakuenda kwa watu kuwaambia ana wazo kali sana. Alipima. Gharama ya jaribio lile ilikuwa karibu bure, na jibu lilikuja kwa nambari kwenye mizani, si kwa maneno matamu.

Baada ya hapo aliunda kielelezo kidogo kwa mbao nyepesi za balsa, kikatembea majini na hata juu ya nchi kavu. Desemba 1955 aliomba hataza. Ungedhani milango ingefunguka yenyewe. Haikufunguka.

Alikibeba kielelezo chake mpaka London kuwaonyesha wakubwa serikalini, na kikazungukazunguka sakafuni mwa ofisi zao. Cockerell mwenyewe alipenda kusimulia yaliyofuata. Wanamaji walimwambia hicho chombo ni ndege, hakiwahusu. Wanahewa wakamwambia ni mashua, aende kwa wanamaji. Nao wa jeshi la nchi kavu hawakukitaka kabisa. Chombo kinachoweza kwenda popote kilikosa mahali pa kwenda.

Kisha mambo yakazidi kuwa magumu. Serikali iliamua kwamba uvumbuzi huo ni siri ya usalama. Ona mtego wenyewe. Serikali haikutaka kutoa pesa, lakini kwa kuwa ni siri, Cockerell naye hakuruhusiwa kuwaeleza matajiri wa kibinafsi ili wampe pesa. Miaka ilikwenda hivyo. Familia ililazimika kuuza vitu vyake ili kazi iendelee. Kama umewahi kuona nyumba ikikaukiwa kwa sababu baba au mama ana ndoto ambayo haijaleta hata shilingi, basi unajua jioni za nyumba hiyo zilivyokuwa.

Mwaka 1958 siri iliondolewa na shirika la serikali la kuendeleza uvumbuzi likakubali kutoa fedha. Kazi ya kuunda chombo kamili ilipewa kampuni ya Saunders-Roe katika kisiwa cha Wight, mafundi waliozoea kuunda ndege zinazotua majini. Chombo kikaitwa SR.N1. Kilikuwa na uzito wa takriban tani nne, na katikati yake feni kubwa ya kusukuma hewa chini. Juni 11, 1959 kilionyeshwa hadharani. Watu walishangaa kuona dude la chuma likiinuka, likiteremka majini na kurudi ufuoni kana kwamba maji na mchanga ni kitu kimoja.

Wiki sita tu baadaye, Julai 25, kikavuka mkondo wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza, kutoka Calais hadi Dover, kwa muda wa saa mbili hivi. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ilikuwa imetimia miaka 50 kamili tangu Louis Blériot avuke hapo hapo kwa ndege. Rubani alikuwa Peter Lamb. Na Cockerell je? Naye alikuwamo. Mvumbuzi mwenyewe, akiwa na miaka 49, kazi yake ilikuwa kuhamahama juu ya sitaha ili uzito wa mwili wake ukisawazishe chombo. Kwa maneno mengine, alikuwa mzigo!

Ukweli ni kwamba SR.N1 ilikuwa na kasoro. Iliinuka chini ya sentimita 30 kutoka majini, kwa hivyo mawimbi makubwa kidogo yaliitatiza. Dawa ya tatizo hilo haikutoka kwa Cockerell peke yake. Mhandisi Cecil Latimer-Needham alibuni sketi ya mpira inayoning'inia kuzunguka chombo na kuizuia hewa. Kwa sketi hiyo, chombo kiliweza kupita vizuizi vya karibu mita moja. Mwenye wazo la kwanza alikubali kusaidiwa na wa pili, na bila huyo wa pili huenda hovakrafti ingebaki kuwa kioja cha maonyesho.

Kuanzia 1968 hovakrafti kubwa za SR.N4 zilibeba mamia ya abiria pamoja na magari yao kati ya Uingereza na Ufaransa, hadi mwaka 2000. Zilikuwa na kelele na zilibugia mafuta, na hilo lilichangia kuziondoa. Lakini hadi kisiwa cha Wight, zilikozaliwa, bado kuna hovakrafti zinazovusha abiria kila siku. Vikosi vya uokoaji navyo huzitumia penye matope na barafu nyembamba, mahali ambapo mashua hukwama na mtu huzama.

Na Cockerell alipata nini? Heshima alipata. Mwaka 1969 Malkia alimpa cheo cha Sir. Pesa ni hadithi nyingine. Alikosana na waliosimamia uvumbuzi wake, akajiuzulu mwaka 1966, na ikachukua mabishano marefu kabla ya kulipwa pauni 150,000 mwaka 1971. Kwa kitu kilichozaa biashara nzima, wengi waliona ni kidogo. Alinung'unika, ndiyo, lakini hakukaa akinung'unika. Miaka ya sabini alianzisha kampuni ya kutafuta jinsi ya kupata stima kutokana na mawimbi ya bahari, wakati ambapo wenzake wengi wa umri huo walikuwa wakipumzika. Alifariki Juni 1, 1999, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 89.

Leo, katika nchi nyingi, kuna watu wanaounda hovakrafti zao katika gereji za nyumbani kwa mbao nyembamba, karatasi nzito ya plastiki na feni. Uingereza wana chama chao tangu 1966, na hushindana mbio. Wewe unaweza kuanza chini zaidi. Tafuta CD iliyoharibika, gundisha kifuniko cha chupa chenye tundu juu ya shimo lake la katikati, vuta mdomo wa puto lililojaa hewa juu ya kifuniko hicho, kisha usukume kidogo mezani. Itateleza kama haina uzito. Ukifika hatua ya feni na injini, usiguse kabla hujaweka wavu wa kukinga vidole, na usiingie majini bila jaketi la kuokoa maisha na mtu mzima karibu.

Halafu fanya alichofanya Cockerell. Badilisha kitu kimoja, upime, uandike. Badilisha kingine, upime tena. Kuna siku utaambiwa kitu chako si ndege wala si mashua, na hakuna afisi inayokihusu. Siku hiyo utakuwa na daftari lenye nambari, na nambari hazigeuki kwa sababu mtu amekunja uso.