Daktari wa Mwadui na Ua la Almasi

Ukitoka hapa Ibadakuli ukashika barabara ya Mwanza, si mbali unafika Maganzo, na hapo ndipo njia ya kuingia Mwadui. Jina la Williamson tunalijua kwa sababu ya mgodi. Mtu mwenyewe je?

John Thorburn Williamson alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907. Chuo Kikuu cha McGill alianza na sheria, akahamia jiolojia (kumbe kubadili kozi hakukuanza na sisi), akasoma mpaka shahada ya uzamivu. Miaka ya 1930 alikuja Afrika kufanya kazi kwenye makampuni ya madini, mwisho akaangukia Mabuki, upande wa Mwanza, penye mgodi mdogo wa almasi usiolipa. Wenzake wakakata tamaa. Yeye akabaki, malaria ikimsumbua na mfuko ukiwa mtupu, na mwaka 1940 akapata alichokuwa anakitafuta pale Mwadui: mwamba wa kimbalaiti wenye ukubwa wa hekta 146 hivi. Wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, akawa mshirika wake.

Oktoba 1947 mgodi ukatoa jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo piga hesabu: jiwe zima halikufika gramu 11. Mwezi uliofuata Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa anaolewa, na Williamson akampa kama zawadi. Kule London likakatwa na kung'arishwa, likabaki karati 23.6, zaidi ya nusu ilikwenda na vumbi. Mwaka 1953 Frederick Mew, mbunifu wa Cartier, akalichorea ua la kupachika kifuani: jiwe la waridi katikati, petali tano za almasi nyeupe, majani na kikonyo vyote almasi. Kwa kweli ni kazi nzuri, hilo siwezi kubisha. Malkia alilivaa mpaka kwenye harusi ya Charles mwaka 1981.

Ila mimi ninayejiandaa kufundisha historia kuna kitu kinanikera. Ua hilo lina jina la mwenye mgodi, la sonara na la mchoraji. Waliochimba, wakaosha changarawe na kuichambua kwa ujira wa enzi ya mkoloni, hawamo. Mwanafunzi wa Kishapu akiuliza babu zake walikuwa wapi, nimwonyeshe petali ipi?

Williamson naye hakuwa mtu wa kuburuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aligombana na wakubwa wa soko la almasi juu ya bei, akazizuia almasi zake. Hakuoa. Alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo ndugu zake wakauza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.