SEYYID BARGHASH: ALIYEKATAA KUSAFIRIA NYOTA YA MWENZIWE

Watu wengi wa pwani wakitajiwa Seyyid Barghash bin Said hukumbuka mambo mawili: jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, na maji ya mfereji aliyoyatoa Chemchem akayafikisha mjini. Ni haki wayakumbuke, kwani hayo ni mambo makubwa. Lakini mimi leo nataka kumweleza kwa upande usiotajwa sana, nao ni upande wa bahari. Mfalme huyu alikuwa na meli zake mwenyewe za moshi, meli za biashara zilizopakia abiria na shehena baina ya Unguja na Bombay. Kwa maoni yangu, hakuna jambo linaloonyesha akili yake, na pia msiba wake, kuliko meli hizo.

Barghash alizaliwa karibu na mwaka 1837, katika nyumba ya watu wa bahari. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati akayaweka Unguja, alikuwa na merikebu za matanga zilizokwenda mbali sana. Mojawapo, iliyoitwa Sultana, ilifika New York mwaka 1840. Tena mzee huyo alifia baharini. Oktoba 1856, alipokuwa akirejea kutoka Oman katika merikebu yake Victoria, mauti yalimfika karibu na Visiwa vya Shelisheli. Barghash, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, alikuwamo chomboni, na ndiye aliyeifikisha maiti ya baba yake Unguja.

Ufalme haukumwendea yeye, bali ulikwenda kwa ndugu yake, Seyyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliinuka kutaka kiti kwa nguvu, akajifungia shambani pamoja na wafuasi wake. Dada zake Khole na Salme walikuwa upande wake. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukavunjika, na Barghash akapakiwa chomboni akapelekwa Bombay, akakaa huko miaka kama miwili.

Uhamisho huo ulikuwa adhabu, lakini ulikuwa pia chuo. Bombay ya siku zile ilikuwa imekwisha kuwa na reli, na bandari yake ilijaa meli za moshi. Kijana aliyekulia Unguja alizoea kuona bahari ikifuata amri ya upepo: kaskazi ikivuma, mabaghala na majahazi huja kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikianza, huondoka. Bandari ya Unguja ilijaa miezi kadhaa, kisha ikapungua. Huko Bombay aliona vyombo visivyongoja upepo wa mtu. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa Novemba 1869, njia ya Ulaya nayo ikafupika, na kila mwenye macho alijua kwamba meli za moshi zitafika kwetu.

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akakalia kiti. Hakupata raha hata kidogo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iling'oka kwa maelfu, na vyombo vya mfalme vilivyokuwa bandarini vikazama au vikavunjika. Pemba ilisalimika, lakini Unguja ilibaki kama mtu aliyevuliwa nguo njiani. Mwishoni mwa mwaka ule ule kampuni ya British India, ya tajiri wa Kiskochi aliyeitwa William Mackinnon, ilianza kuleta meli ya barua kila mwezi kutoka Aden, kwa mkataba na serikali ya Uingereza. Basi tazama, msomaji, mambo yalivyokutana: mwenye bandari amepoteza vyombo vyake, na mgeni analeta vyake vyenye ratiba.

Mwaka uliofuata ulimfundisha Barghash zaidi. Januari 1873 alikuja Sir Bartle Frere na madai ya kukomesha biashara ya watumwa. Barghash alikataa. Kisha Konseli wa Kiingereza, John Kirk, akamjulisha kwamba manowari zitaifunga bandari. Kisiwa kikifungwa bandari huwa kimefungwa kinywa, kwani mchele wake na nguo zake hupita baharini. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hatuna haki ya kuficha ukweli hapa. Biashara ile ilikuwa dhuluma, na kufungwa kwake kulikuwa kheri, ingawa utumwa wenyewe uliendelea mashambani kwa miaka mingi baadaye, na karafuu zilizoleta mali ya mfalme zilichumwa na mikono ya watumwa. Lakini jambo la pili nalo ni kweli: siku ile Barghash aliona kwa macho yake kwamba asiye na nguvu baharini huamuliwa mambo yake na wenye nazo.

Mwaka 1875 alialikwa Uingereza. Alikutana na Malkia Victoria, akatembezwa London, Birmingham, Manchester na Liverpool, kisha akapita Paris. Mtu wake, Zahir bin Said, aliandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu, na kitabu kikapigwa chapa. Aliyetembezwa Liverpool zama zile alionyeshwa magati marefu na meli zinazopishana kama watu sokoni. Wageni wa Kiafrika na Kiarabu waliletwa kuyaona hayo ili washangae, wakirudi kwao wawe watiifu zaidi. Barghash alirudi na mawazo mengine.

Kwanza aliagiza meli iliyoitwa Glasgow, iliyoundwa Scotland mwaka 1878 kwa mfano wa manowari moja ya Kiingereza. Ilikuwa chombo cha fahari, lakini haikumpendeza sana, ikabaki imetia nanga mbele ya jumba. Hapo ndipo alipofanya la busara zaidi: alianza kununua meli za kazi. Mwaka 1880 alinunua Nyanza, na mwaka 1882 akanunua Malacca, zote mbili zikiwa zimekwisha kutumikia kampuni maarufu ya Kiingereza ya P&O. Alikuwa pia na nyingine, zikiwemo Swordsman na Kilwa. Hazikuwa mpya. Zilikuwa meli zilizokwisha kula chumvi, kama tusemavyo. Lakini zilikuwa zake, zikipepea bendera nyekundu ya Unguja, na zilipakia karafuu na pembe kwenda Bombay, zikarudi na mchele na nguo.

Wako waliomcheka kwa kusema mfalme amegeuka mchuuzi. Mimi sioni cha kuchekwa. Hesabu yake ilikuwa wazi. Kwa mikataba ya zamani na mataifa ya nje, ushuru wa bidhaa ziingiazo Unguja ulikuwa asilimia 5 tu, naye hakuwa na ruhusa ya kuuongeza apendavyo. Faida kubwa ilikuwa katika uchukuzi, na uchukuzi ukiwa mikononi mwa kampuni moja ya kigeni, kampuni hiyo ndiyo ipangayo nauli, na ndiyo ijuayo bandari ipi itapata uhai na ipi itasahauliwa. Wahenga walituusia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Barghash aliufuata wosia huo kwa chuma na makaa ya mawe.

Na meli zile hazikuwa za faida peke yake. Masikini waliotamani kwenda Hija lakini hawana nauli, waliweza kupata nafasi katika meli za mfalme bila ya kulipa. Kabla ya hapo safari ya Hija kwa jahazi ilikuwa ya kungoja msimu, na wako waliotoka wasirudi. Mfalme huyu huyu ndiye aliyeweka mtambo wa kupigia chapa vitabu vya dini Unguja. Meli, mtambo wa chapa, mfereji wa maji: yote hayo yalitoka katika fikira moja, kwamba mambo mapya si mali ya Wazungu peke yao, na Mwislamu anaweza kuyatumia bila ya kuuza chake.

Lakini dunia haikumngoja. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na tangu hapo habari za kisiwa zilifika London kwa muda mfupi tu. Mapema mwaka 1885 Wajerumani walitangaza kwamba nchi za bara nyuma ya mrima ni zao. Barghash alipinga. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikaja zikatia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikielekea barazani. Pamoja nao alikuwapo dada yake Salme, yule yule wa mwaka 1859, ambaye aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuingia dini ya Kikristo. Barghash hakukubali kumpokea. Waingereza, aliowategemea, hawakumsaidia. Meli zake sita hivi za mchele na karafuu zingefanya nini mbele ya mizinga? Alikubali.

Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa zikagawana, zikamwachia visiwa, baadhi ya bandari za kaskazini, na ukanda wa pwani wa maili kumi. Huo ndio Mwambao ambao sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu tuliusikia ukijadiliwa mpaka mkataba wa Oktoba 1963. Kisha tarehe 24 Mei 1887 Barghash alitia sahihi kukodisha sehemu yake, kutoka mto Umba mpaka Kipini, kwa muda wa miaka 50. Aliyeikodi alikuwa nani? Ni chama cha William Mackinnon, mwenye British India. Miaka kumi nyuma Mackinnon alitaka mkataba kama huo, mazungumzo yakavunjika. Safari hii aliupata. Yule aliyeanza kwa kuleta barua kila mwezi, miaka kumi na tano baadaye alikuwa ameshika pwani yenyewe.

Mapema mwaka 1888 Barghash, akiwa mgonjwa, alikwenda Oman kujitibu kwa maji ya moto ya chemchemi. Hakupata nafuu. Alirudi Unguja mwishoni mwa Machi, na haikupita siku moja tangu kufika, akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja hivi. Baba alifia baharini kabla ya kufika nyumbani. Mwana alijaaliwa kufika. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Waliomfuata hawakuwa na nguvu za kuendeleza kazi ile. Mwaka 1890 Unguja iliingia chini ya himaya ya Waingereza, na mwaka huo huo Wajerumani wakaanzisha laini yao ya meli kutoka Hamburg kuja Afrika Mashariki, kwa msaada wa fedha za serikali yao. Tarehe 27 Agosti 1896, mtoto wa Barghash, Seyyid Khalid, alipokalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza, mizinga ililia kwa muda usiofika saa moja. Glasgow, ile meli ya fahari, ilijibu mapigo ikazamishwa mbele ya jumba. Milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji hadi mwaka 1912 mabaki yalipovunjwa. Kila meli ya abiria iliyotia nanga Unguja katika miaka hiyo, abiria wake waliitazama milingoti ile kabla ya kushuka. Seyyid Khalid alihamishwa huku na huko, na mwishowe akafariki hapa Mombasa mwaka 1927.

Sisi wenye umri tulizikuta zama za mwisho za meli za abiria. Tulizijua Kampala na Karanja za British India, zilizokwenda Bombay kupitia Shelisheli, na Kenya na Uganda zilizokuja kutoka London. Zilikuwa nzuri, na siku ya kufika kwake ilikuwa kama sikukuu kwa wachukuzi, wenye hoteli na wauza madafu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 zilikuwa zimekwisha, ndege zimezishinda. Tunazikumbuka kwa mapenzi, wala si vibaya. Ila tukumbuke pia kwamba hazikuwa zetu. Waliozileta ndio walioziondoa, wala hatukuulizwa.

Mwaka 1966 Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia ziliungana kuanzisha shirika la meli za pamoja. Mwaka 1980 likavunjwa. Dola nne huru zilifika pale pale alipofika mtu mmoja wa Unguja zaidi ya miaka themanini kabla yake. Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaomwita Barghash mfalme aliyeshindwa. Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, inaweza kujengwa tena kwa mawe na chokaa, kwa sababu mfano wake upo. Laini ya meli iliyo mali ya bandari zetu wenyewe, ikienda na kurudi kwa ratiba tuliyoipanga sisi, ni mfano aliotuachia yeye, na mpaka leo bado unangoja wajenzi.